Rais Mstaafu wa Kibirizi na Kiti cha Makamu

Neema, aliyerithi meza yangu pale ofisi ya ushirika, ameniomba niandike kumbukumbu za kazi ili maafisa wapya wazisome. Nilimuuliza nianzie wapi, akasema popote, mzee, usijibane. Nimestaafu, sina tena cha kujibania. Vyeo nitaviruka kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara nitauruka kwa sababu hiyohiyo. Nitaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, halafu ile kesi ya Kibirizi, ambayo najua mnaihadithiana kwenye chai na mnaihadithia vibaya.

Nilishuka Kigoma kwa treni, asubuhi, nina sanduku moja na cheti cha chuo. Mimi ni Muha wa Kasulu, kwa hiyo kila mtu alidhani nimerudi nyumbani. Ukweli ni kwamba ziwa nilikuwa sijawahi kulikaribia, na dagaa nilimjua akiwa mkavu tu, kwenye sufuria ya mama. Ofisini nilimkuta Mzee Ntakije, afisa ushirika wa siku nyingi, mtu mfupi aliyevaa koti la suti na kandambili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

Nikamwonyesha cheti. Akasema hakuuliza cheti. Akanipa katiba ya chama kimoja cha wakulima wa michikichi, akaniambia nianze ukurasa wa mwisho nirudi mbele. Nikamuuliza kwa nini.

"Mbele wameandika malengo," akasema. "Malengo hayajawahi kugombanisha watu."

Mzee Ntakije alinifundisha mambo ambayo chuoni hawakuyataja. Ziwani nenda na kandambili, kwa sababu viatu vya ngozi vikishaingiwa na harufu ya dagaa, haitoki tena. Muhuri hauazimwi, hata akiuomba mkuu wako, na hasa akiuomba kwa upole. Mtu akija analia, mpe kiti kwanza, sheria baadaye. Na kubwa kuliko yote: kisichoandikwa hakikusemwa. Hilo aliwaambia wanachama, aliwaambia madiwani, na kwa maelezo ya mkewe alilisema hata nyumbani, siku alipokumbushwa kwamba aliahidi kitenge.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kalenda. Niliitisha mkutano Kibirizi, kule ziwani, kwa kutazama kalenda ya ukutani, nikachagua Jumatano nzuri kabisa. Nilipofika tulikuwa watatu: mimi, paka, na mwenyekiti, naye alikuwa amelala. Kumbe ilikuwa wiki ya giza. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa unang'aa. Kwa hiyo siku za giza watu wote wako kazini, usiku wanavua na mchana wanaanika, na siku za mwezi mpevu mitumbwi inapumzika na watu wanapata nafasi ya kugombana. Tangu siku hiyo mikutano yangu yote ya ziwani niliipanga kwa kutazama juu. Nawashauri mfanye hivyo hivyo, hata kama makao makuu wakitaka tarehe mapema.

Kuna utaratibu mmoja niliubuni mwenyewe. Mkono uliotoka kuanua dagaa ukishika karatasi, karatasi ile inakuwa ya mafuta mpaka kiama, na msajili wa vyama huirudisha na barua yenye hasira. Kwa hiyo nakala safi, iliyochapwa, niliiweka kwenye bahasha ya plastiki ndani ya mkoba. Mbele ya mkutano nilisoma rasimu yangu ya mkono, kifungu kwa kifungu, wanachama wakakubali. Kisha viongozi walinawa kwa sabuni, wakasaini ile nakala safi. Kwa miaka yote hakuna karatasi yangu iliyorudishwa. Niliueleza utaratibu huu kwenye semina mbili na maafisa wa wilaya nyingine waliuiga. Nawaomba radhi.

Sasa Kibirizi. Chama cha wakaushaji dagaa cha pale kilikuwa na mwenyekiti aliyekaa mpaka akasahau kwamba alichaguliwa. Walipomtoa, kwa mkutano wa siku mbili na mwavuli mmoja uliovunjika, wanachama wakataka katiba mpya. Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni Bi Mwamini, mjane wa Ujiji, ambaye akiita mtumbwi ulioko mbali, mtumbwi unageuka. "Vipindi viwili vya miaka mitano, basi!" alisema. "Kiti si kaburi, mtu asilale humo." Aliongeza na mengine, wenzake nao wakaongeza yao, mimi nikaandika yote kwa kalamu. Nikarudi ofisini kuchapa. Umeme ulikatika mara tatu mchana ule na kompyuta ilikuwa na tabia ya kusahau kila inapozimika, lakini nilimaliza. Mwezi ulipopevuka nikaenda nikawasomea, wakakubali, wakanawa, wakasaini. Mkutano uleule ukamchagua Bi Mwamini mwenyekiti.

Alikuwa mwenyekiti mzuri, na hilo niliseme bila kuombwa. Wageni wa wizara wakija, yeye ndiye aliwahutubia, na aliwahutubia mpaka wakaahidi. Wavuvi wakaanza kumpigia saluti na kumwita Rais, kwanza kwa utani, halafu wakazoea. Vile vichanja kumi na viwili vya kuanikia dagaa, vyenye paa la nailoni inayopitisha jua, mnavyoviona pale ufukweni, yeye ndiye aliyevipigania. Miti yake waliibeba kichwani yeye na wenzake wa mwanzo, kutoka barabarani mpaka majini.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Waliobeba miti walipata nafasi vichanjani. Waliojiunga baadaye waliendelea kuanika chini, juu ya nyavu zilizotandikwa mchangani. Kiangazi hakuna tofauti kubwa, labda mchanga kidogo kwenye mboga. Lakini mvua zikianza, wa vichanjani anateremsha nailoni za pembeni na kuendelea na mazungumzo, na wa mchangani anakimbia na mabeseni. Akichelewa, dagaa wa siku nzima wanakuwa uozo. Na kwa katiba yetu, anayegawa nafasi za vichanja ni makamu mwenyekiti. Kwa miaka kumi makamu alikuwa mzee mmoja mpole ambaye kabla ya kugawa chochote alimtazama kwanza Bi Mwamini usoni.

Vipindi viwili vya Bi Mwamini vikaisha. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu. Uenyekiti aligombea Mzee Hamimu peke yake, mtu wa watu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuhudhuria misiba kuanzia Ujiji mpaka Mwandiga. Umakamu akauomba Dafroza, kiongozi wa watu wa mchangani. Siku ya mwisho ya kupeleka majina, Bi Mwamini akaja ofisini amevaa vizuri, akapeleka la kwake. Umakamu.

Wiki hiyohiyo redio ilikuwa na mjadala kuhusu nchi moja ya mbali: eti rais aliyemaliza muda wake anaweza kugombea kama makamu wa rais? Sijui nani alianza kuunganisha, lakini kufikia Ijumaa Kigoma nzima walikuwa wanasheria. Nilikunywa chai Katubuka, karibu na kwangu, nikaulizwa. Nilikwenda kunyolewa, nikaulizwa nikiwa nimeinamishwa kichwa. Kila aliyeuliza habari za nchi ya mbali alikuwa na macho ya Kibirizi.

"Bwana Ushirika, rais mstaafu anaweza kuwa makamu?"

"Rais yupi?"

"Aa, yeyote tu. Kwa mfano."

Mtaulizwa na nyie, kwa hiyo shikeni hili. Swali lina milango mitatu. Katiba nyingine humzuia mtu asichaguliwe tena kuwa wa kwanza, halafu hunyamaza. Hapo akiingia kwa umakamu, kiti kikawa wazi akakirithi, wanasheria wanapata kesi za kusomeshea watoto. Nyingine humzuia asikikalie kile kiti kwa njia yoyote ile. Na nyingine husema wazi kuwa asiyestahili kuwa wa kwanza hastahili hata kuwa wa pili, na hapo watu hulala mapema. Ya nchi ile ya redioni sikuwa naijua sawasawa, nikasema hivyo, wakaniona ninaficha. Ya Kibirizi niliijua. Nilifungua nakala yenye muhuri wa msajili, kifungu cha kumi na nne: mwenyekiti atakaa vipindi viwili vya miaka mitano. Nukta. Umakamu haukutajwa. Nikamwambia Neema, aliyekuwa amehamia kunisaidia, kwamba Bi Mwamini hana kizuizi na jina lake lipite.

Dafroza alikuja kesho yake. Ni mwanamke wa Buzebazeba. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni, amekulia hapa, amezalia hapa. Shule hakuipata, anajua kuandika jina lake tu. Nilimpa kiti.

"Mwakeye, mzee."

"Mwakeye, mama. Karibu."

"Nimekuja kwa ile katiba. Mle ndani inasema Rais hawezi kurudi kwa umakamu."

Nikamsomea kifungu cha kumi na nne. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Kuna mengine mbele yake. Ulisoma mwenyewe. Nilikuwa kibarua, nageuza dagaa wa watu, nimesimama nyuma na beseni. Ulisema aliyemaliza asigombee uenyekiti wala umakamu. Nilisikia, na nilifurahi, ndiyo maana nakumbuka."

"Mama, hapa hakuna."

"Nilisikia kwa masikio yangu."

Nikamwambia, na nilimwambia kwa sauti ile ya afisa aliyebakiza miezi michache, "Dafroza, masikio hayasajiliwi. Kisichoandikwa hakikusemwa."

Hakubisha. Alikunja kitenge chake vizuri magotini, akaniambia kwamba mvua za mwaka jana walipoteza dagaa mara nne, na wenzake wawili wameacha kazi, mmoja sasa anavunja kokoto. "Nikishindwa kwa haki nitashindwa," akasema. "Lakini nilisikia." Akaaga, akaenda zake.

Basi neno lile likanikaa. Si kwamba nilimwamini. Nilitaka kuthibitisha kwamba amekosea, ili nile chakula changu cha mchana kwa amani. Nilikwenda kabati la nyuma nikatoa faili la zamani, lile la kamba, ambalo ndani yake nilihifadhi rasimu za mkono. Kifungu cha kumi na nne nilikikuta, mwandiko wangu, doa la mawese pembeni. "Mwenyekiti atakaa vipindi viwili vya miaka mitano. Aliyemaliza vipindi hivyo hatagombea tena uenyekiti wala umakamu, asije akaturudia kwa mlango wa uani." Na pembezoni, kama nilivyofundishwa kuandika aliyetoa hoja: Bi Mwamini.

Nilisoma mara tatu. Umeme ulikatika, nikachapa upya, na sentensi ile haikurudi. Kisha nikawasomea watu rasimu yenye sentensi, wakaipigia makofi, na nikawapa wasaini karatasi isiyonayo. Utaratibu wangu wa semina mbili. Chakula cha mchana sikula.

Sasa ndugu zangu, nitasema kweli. Faili lile lilikuwa moja, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Nilifikiria kulirudisha kabatini. Nilifikiria sana, na sikufikiria kwa haraka. Nilimwonyesha Neema, nadhani ili anizuie au anisukume. Alisoma, akafunga mlango.

"Mzee, hii ukiitoa unajichafua mwenyewe, na wala haibadilishi kitu. Sheria ni ile yenye muhuri."

"Najua."

"Sasa utaitoa ya nini?"

"Yule mama nilimwambia hakusikia, na alisikia."

Neema akasema kwa hilo hakuna fomu. Kweli haipo.

Nilianza kwa Bi Mwamini, kwa heshima, kwani kumwaibisha mtu mzima mkutanoni si adabu. Nilimkuta vichanjani anageuza dagaa kwa ufagio. Nikamwonyesha rasimu, nikamsomea. Hakuacha kufagia.

"Nakumbuka," akasema.

"Unakumbuka?"

"Maneno yangu mwenyewe niyasahau? Siku nilipopewa nakala niliona hayamo. Nikasema labda serikali imeyakataa."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa nimeshachaguliwa," akasema. "We ungeuliza?"

Nikamwambia kwamba nitalisema mkutanoni. Akasimamisha ufagio, akanitazama. Akaniambia nisidhani ana uroho wa cheo. Bega lake la kulia mpaka leo linauma kwa ajili ya miti ile. Akiviacha vichanja, watavigawana kama pilau ya harusi, kila aliyefika na sahani, na waliopika watakosa. Nikamjibu kwamba wa mchangani nao wana mabega. "Wanayo," akasema. "Lakini hayakubeba." Tukaagana vizuri, akanifungia dagaa wa kwenda nao. Nilikula. Walikuwa wakavu, hawana hata chembe ya mchanga.

Mkutano ulifanyika mwezi ukiwa mpevu, asubuhi, watu wamejaa mpaka kwenye mitumbwi iliyovutwa nchi kavu. Nilisimama nikaeleza yote: rasimu hii hapa, nakala hii hapa, sentensi iko huku na huku haipo, na aliyeiacha ni mimi. Nilitegemea kelele. Badala yake mvuvi mmoja akauliza kutoka nyuma, "Kwa hiyo Rais anaruhusiwa au haruhusiwi?"

Nikatoa uamuzi wangu. Kazi yangu ilikuwa kusema sheria, na sheria ni ile iliyosajiliwa. Kuongeza sentensi kwa mdomo sina mamlaka, hata kama sentensi ni ya kweli na kosa ni langu. Wanaweza kuirekebisha katiba, lakini kwa taarifa ya siku thelathini na theluthi mbili ya wanachama, na marekebisho hayamzuii aliyekwisha pita. Bi Mwamini anaruhusiwa kugombea leo. Nilipomaliza kusema hivyo nilitazama chini, maana Dafroza alikuwa mbele kabisa.

Akanyoosha mkono. Mzee Hamimu, aliyekwisha pitishwa asubuhi ile bila mpinzani, akamruhusu.

"Nimeelewa, Bwana Ushirika," akasema. "Kosa ni lako. Atakayenyeshewa ni mimi."

Akakaa. Katika miaka yangu yote ya kazi nimetukanwa kwa Kiswahili, kwa Kiha na mara moja kwa barua rasmi, na hakuna lililoniingia kama lile.

Pale hupiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, kwa kuwa karatasi na mikono ya dagaa nimeshawaeleza. Mistari ikapangwa mchangani. Wa Bi Mwamini ulifika kwenye mti wa kufungia kamba za nyavu. Wa Dafroza ulikomea hatua kama kumi na tano kabla ya mti huo. Watu kadhaa walikaa katikati wakijifanya wanafunga kandambili mpaka nikawafukuza. Bi Mwamini akatangazwa makamu. Wavuvi wakampigia saluti, na yeye safari hii hakurudisha. Mzee Hamimu, mwenyekiti mpya, akafunga mkutano haraka kwa sababu alikuwa na msiba.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Waliniaga kwa keki na saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kumpa mtu asiye na pa kuwahi. Kitu cha kwanza nilichofanya nikiwa raia ni kununua turubai kubwa, nikampelekea Dafroza mchangani. Nilimwambia si fidia, ni turubai. Akaligeuza, akalikagua pindo.

"Asante, mzee. Lakini lina pembe nne. Mimi nina mikono miwili."

Tangu hapo ikawa hivi. Wingu likitokea juu ya milima ya Kongo, simu yangu inaita. "Bwana Ushirika. Wingu." Halafu inakatwa. Mimi naacha nilichoshika, nawasha pikipiki yangu, Katubuka mpaka Kibirizi, nafika navua kandambili nashika pembe. Mke wangu husema nikiwa na kazi sikuwahi kufika mahali haraka hivyo. Mara nyingine tunawahi, mara nyingine hatuwahi, na tusipowahi Dafroza hanilaumu, anazoa tu uozo kwa beleshi na mimi nazoa naye. Ningependelea anilaumu.

Mvua ya mwezi uliopita ilikuja na upepo. Tulikuwa tumeshika turubai watatu, mimi, Dafroza na mwenzake mmoja aitwaye Sesilia, na pembe ya nne ilikuwa inapiga piga. Dagaa wa upande ule walikuwa wanaloa. Bi Mwamini akatoka vichanjani, mtandio umemganda kichwani, akaikamata ile pembe. Tukakaa hivyo kitambo, maji yanatutiririkia viwikoni.

"Bwana Ushirika," akasema mwishowe, "si umestaafu wewe?"

"Nimestaafu."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Nimeshika turubai."

Akacheka, kisha akaacha. Alitazama vichanja vyake, akatazama mchangani. Viwili vya mwisho, akasema, vinatumika nusu tu tangu baadhi ya wenzake wa mwanzo warudi Ujiji. Akamgeukia Dafroza. "Leteni mabeseni. Muanike pale, nyie wa huku, mpaka mvua ziishe na hata zikiisha. Nimesema mimi makamu. Haya, kimbieni."

Nilikuwa nimeshaachia pembe yangu ili nibebe. Dafroza hakuondoka.

"Asante, mama," akasema. "Iandikwe."

"Mvua yote hii, unataka karatasi?"

"Yego. Ndiyo."

"Dagaa wako wanaoza, Dafroza!"

"Wameoza mara nyingi. Iandikwe."

Bi Mwamini alinitazama kama vile ni mimi niliyemfundisha. Tukaenda wote chini ya nailoni. Karatasi nilipata kwa muuza maandazi, kalamu sijaacha kutembea nayo. Niliandika: vichanja viwili vya mwisho ni vya waanikaji wa mchangani, kwa mgawo wa makamu mwenyekiti, na havitarudishwa ila kwa mkutano mkuu. Bi Mwamini akasaini jina lake lote. Nikasimama nikawasomea kwa sauti, pole pole, kila neno, kama nilivyofanya miaka yote.

Dafroza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, bila ubaya, akampa Sesilia.

"Soma wewe," akamwambia. "Nisikie kama ni hayohayo."

Sesilia akasoma. Yalikuwa ni hayohayo. Ndipo Dafroza akainama, akabeba beseni la kwanza.